Hapana ya Bi Asumini

Wiki yangu ya mwisho kazini nilimkuta ofisa wetu mmoja kijana, mwenye digrii mbili na tai nzuri, akizungumza na mama mmoja kwenye benchi la mapokezi. Mtoto wa yule mama amefungwa nchi za nje, na mama alikuja kuuliza serikali yake imefikia wapi. Kijana akamwinamia kwa heshima, akamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi. Tunalifanyia kazi." Mama akashukuru, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka. Nikamuuliza kijana, tunalifanyia kazi gani? Akacheka. "Hakuna kitu pale, mzee. Wenyewe kule wamekwisha kataa. Ila sikutaka kumvunja moyo."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuaga, kurasa nne, yenye shukrani kwa kila mtu mpaka mpika chai. Nimeichana. Badala yake ninaandika haya, tena ninaandika kwa hasira, kwa hiyo msitafute adabu ya kibalozi humu ndani. Vyeo vyangu viko kwenye faili; anayevitaka akavisome huko kama hana kazi ya kufanya. Mimi nitawasimulia miaka yangu ya kwanza, kabla nchi hii haijawa na balozi wake hata mmoja, nilipokuwa mkalimani wa konseli wa watu wengine.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Siku hizi tunasema balozi mdogo, wakati ule tulisema konseli, na mji ulikuwa na makonseli kadhaa wa nchi za Ulaya. Wangu alikuwa wa nchi moja iliyokuwa na koloni lake jirani na sisi. Sitaitaja. Waliohusika wamekwisha kufa, na wajukuu wao hawana kosa. Watu wengi wa koloni lile walikuwa wamevuka mpaka zamani wakaja Dar es Salaam kutafuta maisha. Walipakua mizigo bandarini, walipika majumbani mwa wazungu, waliranda mbao, waliuza mikeka. Kwa karatasi, wote wale walikuwa watu wa Konseli. Kazi yake ilikuwa kuwasimamia. Kwa karatasi.

Siku ya kwanza nilitoka nyumbani kwetu Mtaa wa Kipata alfajiri, shati limepigwa pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Nilikatiza Mnazi Mmoja, nikapita Uhindini wenye maduka wakifungua milango yao ya mbao, nikaingia Uzunguni, ambako hata vumbi lilikuwa linafagiliwa mapema zaidi. Nikamkuta Konseli mwenyewe yuko nje ya mlango, anasugua kibao cha shaba chenye nembo ya nchi yake kwa leso yake mwenyewe. Hakumwachia mtumishi kazi ile hata siku moja. Nilidhani, hapa nimepata mtu anayeipenda nchi yake. Ilinichukua muda kutambua kwamba nchi yake yote ilikuwa kile kibao.

Vifaa vya kazi vilikuwa vichache: taipureta nzito yenye herufi moja iliyokuwa ikikwama, mhuri, kijiti chekundu cha lakiri ya kufungia barua, rejista ya wageni, na benchi moja refu barazani. Lile benchi ndilo lilikuwa la watu wetu. Wazungu na wafanyabiashara waliingia moja kwa moja wakakalishwa kwenye viti. Waswahili walipewa Jumatatu tu, saa mbili mpaka saa nne, na wengine waliondoka saa nne bila kuonekana wakaambiwa warudi Jumatatu nyingine. Nauliza mpaka leo, shida za watu wanaotoka Kariakoo zilikubaliana na nani kwamba zitakuwa zinaanguka Jumatatu?

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Cosmas, mkalimani wa zamani, Mkristo kutoka kusini, macho yakianza kumwishia. Alikuwa amekalimani tangu ujana wake, chini ya tawala mbili, ya Mjerumani na ya Mwingereza, na alikuwa na masikio ambayo sijayaona tena. Alikaa nami miezi mitatu kabla hajapumzika nyumbani kwake Mtaa wa Narung'ombe, nyuma ya soko. Alinifundisha kusimama hatua moja nyuma ya mkubwa, si pembeni, ili mwenye shida amwone anayesema naye. Alinifundisha kusubiri sentensi iishe. Na alinifundisha neno moja ambalo nilidhani nimelielewa.

"Athumani," aliniambia, "maneno ya hawa wakubwa hutoka yana moto. Wewe ni kile kitambaa cha kuipulia sufuria. Bila kitambaa, watu wataungua."

Nikalishika kwa mikono miwili. Konseli akisema, "Huyu mzee ananuka, asimame mbali," mimi nilisema, "Bwana Konseli anaomba usogee kidogo upate upepo." Akisema, "Mwambie aache kubwabwaja," mimi nilisema, "Anaomba ufupishe, baba, wenzako wanasubiri." Barazani nikapata sifa. Watu wakasema konseli huyu mpya ana adabu, kumbe adabu ilikuwa yangu na ya mama yangu aliyenilea. Nilijiona fundi. Nilirudi Kariakoo jioni nikiitwa Bwana Karani na watu wazima, kichwa kikavimba.

Kila mwaka walikuwa na sherehe ya siku yao ya taifa. Bustani ilifungwa taa za rangi, wakaja wakubwa wa serikali ya Mwingereza na wake zao, na matajiri wachache wa Kihindi waliosimamishwa upande wa ua kana kwamba wamekuja kupanda maua. Mimi nilivishwa glavu nyeupe nikashika sinia. Konseli alisimama chini ya bendera akasema nchi yake ni mama anayewajali wanawe wote, popote walipo. Wakapiga makofi. Mwana mmoja wa yule mama alikuwa jikoni anakuna nazi, mpishi wao, naye hakuitwa hata aje asikie anavyojaliwa. Nilitaka kucheka, nikakumbuka sinia.

Jumatatu moja ya mwanzo wa masika alikuja Bi Asumini. Nilimfahamu, na nani hakumfahamu? Alikuwa anakaanga vitumbua kwenye kona ya Mtaa wa Sikukuu, na watoto wa shule walipanga foleni kwake kuliko kwa mwalimu. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaletwa mjini na mume, mume akafa, akabaki na mtoto mmoja wa kiume, Hamisi, seremala, kijana mpole aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuagizwa vitanda vya maharusi.

"Shikamoo, Bi Asumini."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwako na kwa bwana wako."

Akaeleza. Bibi yake Hamisi, mzaa mama, alifariki kule ng'ambo. Hamisi akaenda kumzika. Akavuka bila karatasi, kama wote walivyovuka miaka nenda miaka rudi, akakamatwa, akawekwa boma la mpakani. Anaomba Konseli amwandikie barua mkuu wa boma, aseme kijana huyu ni wetu, ana mama, aachiwe arudi. Barua moja. Alikuwa amekuja na picha ya Hamisi aliyopigwa siku ya Idi, amevaa koti la kuazima.

Nikampeleka ndani, nikasimama hatua moja nyuma, nikafasiri kila neno. Konseli hakuitazama ile picha. Alisema, na ninayakumbuka maneno yake kuliko ninavyokumbuka viapo vyangu vya kazi: "Mwambie hapana. Aliingia bila karatasi, sheria na imshike. Sitaandika barua leo, wala sitaandika siku nyingine. Asirudi tena kwa jambo hili."

Bi Asumini akageuza macho kutoka kwake akanitazama mimi. Mikono yake ilikuwa na alama ndogondogo za mafuta ya moto. Nikaipua sufuria.

"Bi Asumini, Bwana Konseli anakupa pole sana. Anasema jambo hili ni zito, lakini amelisikia. Atalitazama. Tutaona."

Akashukuru mpaka akapiga goti. Konseli akaniuliza mbona anashukuru. Nikasema ndiyo desturi yao, bwana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa, na ni kosa letu wenyewe, hakutufundisha mzungu. Sisi hatuna desturi ya kumwambia mtu mzima hapana ya uso kwa uso. Tunasema tutaona. Tunasema Mungu akipenda. Na anayeambiwa anajua kusoma, anaitazama sauti, anatazama ulivyoshika mlango, anarudi nyumbani akimwambia mwenzake, "Pale hamna kitu." Lau mimi Athumani ningemwambia Bi Asumini "tutaona" kwa jambo langu mwenyewe, angejua palepale, angenipa mgongo akatafute pengine. Lakini nilimpa tutaona hiyo ndani ya kinywa cha mzungu. Na mzungu, kila mtu Kariakoo alijua, hapotezi maneno. Akisema hapana ni hapana. Akisema atatazama, basi atatazama. Bi Asumini alirudi Mtaa wa Sikukuu na ahadi ya serikali mkononi, na serikali ile ilikuwa mimi.

Jumatatu iliyofuata akaja tena, na vitumbua vimefungwa kwenye gazeti. "Vya Bwana Konseli, asije akachoka na sisi." Nilivipokea. Nikavila mimi, nyuma ya stoo, vingali vya moto. Alipouliza kama amevipenda, nikasema amevipenda sana. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yule anayeipita haoni mwisho wake. Anaona hatua inayofuata tu.

Jumatatu ya tatu nilijaribu. Nilimwambia Konseli yule mama yuko barazani tena. Aliweka kalamu chini akanitazama kwa muda.

"Hivi wewe unamwambia ninayoyasema?"

"Ndiyo, bwana."

"Basi mbona anarudi?"

Nikasema uchungu wa mtoto, bwana. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye karatasi zake. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, mvi zimenijaa kichwani. Yule mtu asiye na huruma alikuwa mkweli. Mimi mwungwana, mtoto wa Kipata niliyelelewa na adabu, nilikuwa mwongo. Yeye alimtupia hapana yake mbele ya macho, mimi nikaidaka hewani nikaitia mfukoni.

Masika yalikuwa makali mwaka ule. Mitaa ya Kariakoo iligeuka matope, wachuuzi wa soko wakapanga nyanya juu ya mbao. Jumatatu moja Bi Asumini hakuja na vitumbua, alikuja na kaka yake, Kibwana, dereva wa lori la kwenda mpakani, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Kibwana hakutaka kuingia ndani. Alinivuta pembeni ya baraza.

"Bwana Karani, mimi njia ile naijua. Pale bomani wanawaweka vijana mpaka mvua ziishe. Ndugu wa damu akienda akaapa mbele ya mkuu wa boma, anapewa mtu wake. Nimeshaona kwa macho yangu. Mvua zikikatika, njia zikikauka, wote waliobaki wanapakiwa wanapelekwa mashamba ya mbali, na huko harudi mtu. Mimi nataka kwenda sasa hivi, hata kwa miguu. Dada ananizuia. Anasema na wewe utakamatwa, ngoja barua ya Konseli. Sasa niambie wewe, mwanamume kwa mwanamume. Barua ipo?"

Bi Asumini alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika mwavuli, ananitazama. Angekuwa yeye kaka yenu, vijana wangu, mngemjibu nini? Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Neno moja tu. Lakini ningesema barua haipo, angeuliza tangu lini haipo. Angejua kuhusu Jumatatu zote zile, na vile vitumbua. Nikaona haya. Nasema wazi, si huruma iliyonizuia siku ile, ilikuwa haya yangu mwenyewe iliyojifunika kanga ya huruma.

"Subirini kidogo," nikasema. "Inashughulikiwa."

Kibwana akanitazama sana, kisha akamtazama dada yake. Wakaondoka.

Wiki ileile nilipiga taipu ripoti ya Konseli kwenda kwao. Ilikuwa ndefu, na ndani yake kulikuwa na sentensi hii, niliyoipiga kwa vidole vyangu hivi, herufi ile moja ikikwama kama kawaida: watu wetu waishio katika mji huu hawana malalamiko yoyote. Alikuwa hajawahi kuvuka Mnazi Mmoja. Hakujua Kariakoo iko upande gani isipokuwa kwa harufu ya samaki wakavu upepo ukigeuka. Nilitaka kumtupia ile taipureta. Baadaye nilijiuliza, malalamiko yao angeyajua wapi, wakati kila lalamiko lilipita kwangu likatoka limepoa, na kila jibu likapita kwangu likatoka limetiwa sukari? Ripoti ile tuliiandika wawili.

Mvua zikakatika. Jua likakausha mitaa kwa siku chache tu. Jumanne moja, siku isiyokuwa ya watu wetu, nilisikia sauti ya Kibwana tangu barabarani. Alikuwa ametoka mpakani na lori lake. Boma ni tupu. Vijana wamepakiwa, Hamisi akiwamo. Mtu mmoja alimwona akipanda, kichwa wazi, ameshika kifuko chake cha patasi.

Nikaenda Mtaa wa Sikukuu mchana uleule, bila kuomba ruhusa. Bi Asumini alikuwa anaosha chuma chake cha vitumbua. Nikasimama mbele yake nikasema yote. Kwamba Konseli alisema hapana. Kwamba hakusema atatazama. Kwamba vitumbua nilikula mimi. Nilisema haraka, nikitegemea atanipiga na kile chuma, na kweli nilitamani anipige.

Aliuliza swali moja. "Hapana yenyewe aliisema lini?"

"Siku ya kwanza."

"Siku ileile nilipokuja na picha?"

"Siku ileile, Bi Asumini."

Akaweka chuma chini taratibu. Hakupaza sauti. Majirani waliokuwa wakisikiliza walitega masikio zaidi kwa sababu hakupaza sauti.

"Ile hapana ilikuwa yangu, Athumani. Nilipewa mimi. Ungenipa, siku ileile ningemwambia Kibwana nenda. Kwa nini uliniibia?"

Nikasema nisamehe, mama, sikutaka kukuvunja moyo. Akasema, "Moyo wangu ulikuwa kazi yangu." Akaingia ndani.

Nilikwenda kwa Mzee Cosmas, kule Narung'ombe, nikiwa na hasira naye, nikitafuta wa kugawana naye lawama. Nikamwambia, ni wewe, na kile kitambaa chako. Alinisikiliza mpaka mwisho, sentensi iishe, kama alivyonifundisha. Kisha naye akawaka. "Mimi nilikufundisha kuipua sufuria ili mtu apakuliwe chakula chake bila kuungua. Kiwe kichungu, kiwe kitamu, ni chake, apakuliwe. Wewe umemfunikia, ukamwambia kinaiva!" Akanitoa nje. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akifoka, na macho yake yale yasiyoona yalikuwa yamenielekea sawasawa.

Jumatatu iliyofuata alikuja baba mmoja wa makamo, mpakuzi wa bandarini, naye na shida ya ndugu aliyekamatwa kulekule. Konseli akasema lilelile. Nikasimama hatua moja nyuma, nikasema, "Baba, pole sana. Anasema hapana. Hataandika leo wala siku nyingine. Kwake usipoteze muda. Kama una ndugu wa kwenda, aende." Yule baba akavaa kofia yake. Akasema, "Ahsante, mwanangu, umenisaidia," akashuka ngazi mbili mbili. Konseli akauliza kwa nini huyu hakukaa hata dakika. Nikamwambia nimemweleza vizuri.

Sikuacha kazi. Mtaniuliza, najua. Ningeacha, angeletwa mwingine mwenye kitambaa kipya. Lakini nilianza kufanya kazi ambayo Konseli alilipwa aifanye. Nilijua mashamba ya mbali yako eneo gani, na kwamba kuna misheni karibu nayo. Nikawa ninabaki ofisini saa ya chakula, naandika barua kwa padri wa misheni ile kwa taipureta ileile, kwa Kiingereza changu cha shule, nikitaja jina la Hamisi, umri wake, ufundi wake, na kovu la msumeno kwenye kidole gumba. Barua zile hazikuwa na mhuri wala lakiri. Hazikuwa na nembo wala bendera. Zilikuwa na anwani ya Mtaa wa Kipata. Nilipeleka ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila nilipotuma nilipita Mtaa wa Sikukuu nikamwambia Bi Asumini nimetuma. Na kila mwezi nilipita nikamwambia hakuna jibu. Nilisema hivyohivyo: hakuna jibu. Alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuendelea kukaanga. Vitumbua hakunipa tena, nami sikuthubutu kununua.

Ikapita miaka miwili. Mji ulikuwa umeanza kuchemka, mikutano ya siasa ikijaza Mnazi Mmoja, watu wakizungumza habari ya kujitawala, vijana wakiniuliza tukipata nchi yetu na mabalozi wetu watakuwaje. Nilikuwa nawajibu watakuwa wazuri. Nilikuwa bado sijamwona ofisa wetu mwenye tai.

Jibu lilifika asubuhi moja, bahasha chafu iliyopitia mikono mingi. Padri aliandika kwa mkono, mistari michache. Kijana yule alimfahamu. Aliwatengenezea benchi za kanisa ingawa alikuwa Mwislamu. Alikufa kwa homa mwaka uleule wa kwanza, akazikwa na wenzake wa dini yake, kwa taratibu zao. Padri alikuwa anaomba radhi kwa kuchelewa; barua zangu mbili hazikumfikia.

Bi Asumini wakati ule alikuwa amehamia Magomeni, nyumba ya Kibwana. Nilikwenda kwa miguu, na njia nzima kichwa changu kilikuwa kinatunga. Nilitunga kwamba padri hana hakika. Nilitunga kwamba labda ni Hamisi mwingine. Nilitunga nianze na habari ya benchi za kanisa, nimalizie kesho. Ulimi wa mkalimani ni mgonjwa asiyepona, lazima auguzwe kila siku. Nilipofika alikuwa uani, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Asumini."

"Marahaba."

"Jibu limekuja. Hamisi amefariki. Alifariki mwaka uleule kwa homa. Wamemzika Waislamu wenzake."

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Nikamfasiria barua yote, neno kwa neno, pamoja na benchi na pamoja na radhi ya padri. Sikuongeza pole ya mtu ambaye hakuitoa. Nilipomaliza akaninyooshea mkono, akaichukua ile karatasi, ingawa hakujua kusoma, akaishika kwa mikono miwili.

"Imefika lini?"

"Leo asubuhi."

"Leo hii hii?"

"Leo hii hii, mama."

Akatikisa kichwa, machozi yakaanza kumtoka, ya kwanza niliyoyaona kwake tangu siku ya picha. Akaweka ungo pembeni, akasimama, akajitanda kanga yake.

"Basi nenda kaniitie Kibwana," akasema. "Mwambie aite watu. Kesho tunamsomea mwanangu hitima."